Binti amechaguliwa SUA, sisi tuko Kasulu: tuanzie wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kasulu, mkoani Kigoma: "Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia. Amepata nafasi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kusomea agronomia, sayansi ya mazao na udongo. Hajawahi kuvuka Tabora. Baba yake anauliza: kulima si anajua tangu utoto, aende kilomita elfu na zaidi kujifunza jembe? Mimi nataka aende. Nifanye nini kabla hajaondoka, ataishi vipi huko, na atarudi na nini ambacho sisi hapa hatuna?"

Mama, pokea hongera, wewe na binti. Naanza na swali la baba, kwa sababu lisipojibiwa nyumbani, kila senti ya nauli itatoka kwa shingo upande.

Kulima anajua, hilo halina ubishi. Ambacho jembe peke yake halimfundishi mtu ni kwa nini shamba limetoa kile lilichotoa. Chukua mchikichi, zao ambalo mkoani kwenu hata mtoto analijua. Mkulima anaona mti wa jirani unazaa matunda yenye nyama nyingi na ganda jembamba kuzunguka mise, yaani kokwa. Anaokota mbegu, anaotesha, anapanda. Baada ya miaka mitatu au minne ndipo anagundua kuwa miti yake haifanani: mingine ina ganda nene na mafuta kidogo, mingine inatoa mikungu inayooza kabla ya kukomaa. Anasema amerogwa, au udongo umechoka. Sababu iko kwenye mbegu. Ule mti wa jirani ni tenera, mtoto wa dura yenye ganda nene na pisifera isiyo na ganda. Tenera ikichavushwa na tenera mwenzake, kati ya miche 100 wastani wa 25 ni dura, 50 ni tenera na 25 ni pisifera, ambayo kwa kawaida haishiki tunda la maana. Ndiyo maana mbegu bora, kama zile zinazozalishwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapo hapo Kigoma, hupatikana kwa kuchavusha kwa mkono: ua la kike la dura hufunikwa mfuko kabla halijafunguka, kisha hupuliziwa chavua ya pisifera iliyojulikana. Anayefunika lile ua, anayehifadhi chavua, anayeandika tarehe na namba ya mti, huyo ndiye binti yako anakwenda kusomea kuwa.

Sasa chuo chenyewe. Morogoro palikuwa na chuo cha kilimo cha stashahada tangu 1965. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na Dar es Salaam ikasimama peke yake, chuo kile kikawa kitivo chake cha kilimo. Misitu ikaongezwa 1974, tiba ya mifugo 1976, na tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12 mwaka huo huo, mkoani Morogoro. Maktaba yake ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo. Kina mashamba, maziwa yanakamuliwa Magadu, kina msitu wa mafunzo Olmotonyi kule Arusha na msitu wa hifadhi Mazumbai, Lushoto. Mbegu za maharage ziitwazo SUA 90, Rojo, Pesa na Mshindi zilitoka kwa watafiti wa hapo. Na hapo hapo ndipo shirika la APOPO linapowafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, alizaliwa Tanzania.

Nayataja haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kusoma. Kwenye chuo kikubwa cha utafiti, mhadhiri anayemfundisha binti asubuhi ana jaribio lake shambani mchana. Anahitaji mikono ya kupima urefu wa mimea, kuhesabu maganda, kupima uzito. Hakuna tangazo linalobandikwa. Mwanafunzi anayeomba kwa adabu kwenda kusaidia, tangu mwaka wa kwanza, huondoka na elimu ambayo haimo kwenye daftari. Anayesubiri mwaka wa tatu hukuta nafasi zimeshikwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote atakavyovikuta Morogoro, na wengi hupita miaka mitatu bila kukigusa.

Ili baba aone kinachofanyika huko, hebu tusimame kwenye jaribio moja dogo. Tuseme wanalinganisha aina 4 za maharage. Kila aina inapandwa mara 3, kwa hiyo zinakuwa ploti 12. Ploti ni mita 3 kwa 3: mistari 6 iliyoachana sentimita 50, na ndani ya mstari shimo kila sentimita 20. Shamba lina mteremko, na chini ya mteremko kuna rutuba zaidi kwa sababu mvua hushusha udongo. Kwa hiyo hawapangi aina moja yote juu na nyingine yote chini. Wanagawa shamba makundi matatu yanayolala kukata mteremko, na ndani ya kila kundi aina zote 4 zinapangwa kwa kura. Wakati wa kuvuna, mistari miwili ya pembeni inaachwa, maana mimea ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi ikadanganya. Inavunwa minne ya katikati, yaani mita za mraba 6. Ikitoka gramu 900 baada ya kukausha, ni sawa na kilo 1,500 kwa hekta.

Yanayoharibika hapo ni madogo kabisa. Kibao cha jina la ploti kiliandikwa kwa kalamu ya kawaida, mvua ikakifuta. Ploti moja ilipaliliwa Jumatatu, nyingine Ijumaa. Maharage ya ploti tatu yamepimwa kabla hayajakauka sawasawa. Jaribio la miezi mitatu linakufa kwa kosa la dakika tano. Kwa hiyo binti anunue penseli nzito na daftari lenye jalada gumu. Penseli haifutwi na maji.

Haya, turudi Kasulu, kwenye makaratasi. Hapa nitakawia, kwa sababu kosa linalorekebishwa kwa siku moja ukiwa nyumbani huchukua wiki ukiwa Morogoro, na mara nyingi ndilo linalomnyima mtu mkopo.

Kwanza majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa au namba yake. Soma herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na cha shule kina mawili, au herufi moja imegeuka, mfumo utamwona kama watu wawili. Njia ya kisheria ni hati ya kiapo ya majina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anzeni mapema. Kitambulisho cha taifa nacho msikiache mpaka mwisho: kwenye wilaya za mpakani kama zenu, uhakiki wa uraia huwa na maswali zaidi, na mwenye vyeti vya wazazi mkononi hupita haraka kuliko asiye navyo.

Pili, nafasi yenyewe. Kama amechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, humtaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoisajili. Akiwa alitumia simu ya mjomba, na mjomba yuko Mpanda, ujumbe utafika na muda utapita. Laini iwe yake, na asiibadilishe mpaka awe amesajiliwa chuoni.

Tatu, mkopo. Bodi ya Mikopo hupokea maombi kwa mtandao kwa muda maalumu, na dirisha hufunguliwa kabla ya chuo. Ada ya maombi imekuwa Sh 30,000, na inalipwa kwa kumbukumbu namba, ile watu wanaiita kontroo namba, si kwa mtu wa stationari. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kaya yenu ikiwa kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini, jaza namba ya kaya; wengi huona haya wakaacha, na hiyo ni moja ya taarifa zinazopima uhitaji. Fomu ikishachapwa, zipo kurasa za kusainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili. Kosa linalojirudia kila mwaka ni kupakia fomu isiyo na sahihi moja, au picha iliyopigwa gizani ambayo muhuri wake hausomeki. Kabla ya kubonyeza kutuma, fungua kila faili ulisome kama mgeni. Akaunti ya benki iwe kwa jina lake, lililo sawa na la cheti cha kidato cha nne. Majina ya waliopata hutoka kwa awamu. Kutokuwemo kwenye awamu ya kwanza si kukosa, na baada ya awamu kuna rufaa.

Jambo moja kuhusu mkopo ambalo wazazi husimuliwa vibaya: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Lile ongezeko la asilimia 6 la kulinda thamani, lililowatesa waliotangulia, lilifutwa mwaka 2021.

Ukiacha ada ya masomo, ambayo kiasi chake kimeandikwa kwenye barua ya maelekezo ya kujiunga, kuna malipo madogo ambayo lazima yawe mfukoni siku ya kwanza. Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka. Ada ya udhibiti ubora ya TCU imekuwa Sh 20,000. Kuna kitambulisho, usajili, na serikali ya wanafunzi. Pesa ya mkopo haijaingia siku hiyo. Atengewe fedha ya kula ya wiki nne hivi, kwa sababu pesa ya kwanza ya mkopo huchelewa: chuo lazima kimsajili, kipeleke jina, naye asaini kwa alama ya kidole ndipo itoke. Msipokuwa nayo kabisa, uza gunia la maharage mapema kuliko kukopa kwa mtu wa riba.

Mzigo. Begi moja la nguo, shuka mbili, chandarua, ndoo, buti za mpira na koti jeupe la maabara la pamba, si la nailoni, maana nailoni ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Nakala za vyeti vyote ziwe tano tano, na vyeti halisi visikae kwenye begi la buti la basi. Viwe kwenye mkoba wa mapajani. Maharage, dagaa wa Kigoma na mawese ni ruksa na vitamsaidia. Dumu la mawese usilijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu yakipata joto hutanuka na kusukuma kizibo, halafu funga kwa mifuko miwili. Maharage yaanikwe vizuri na kupepetwa kwanza, la sivyo wadudu wanaweza kuyatoboa mapema. Miche ya migomba na pingili za mihogo za kupanda visiguswe. Najua shangazi wa Morogoro ataomba mche wa ndizi ya Kasulu. Mnyauko wa migomba na michirizi ya kahawia ya mihogo husafiri hivyo hivyo, ndani ya mche unaoonekana mzima, na itakuwa aibu kwa mwanafunzi wa agronomia kuupeleka ugonjwa mwenyewe.

Safari. Kwa basi kutoka Kasulu, yapo yanayopita Kibondo, Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, na hushusha Morogoro katika stendi ya Msamvu. Akate tiketi ya Morogoro na amwambie kondakta mara mbili, maana basi linaendelea Dar es Salaam na usiku abiria hulala. Kwa reli, treni ya zamani inaanzia Kigoma mjini kupitia Tabora mpaka Dodoma na kuendelea Morogoro. Ni nafuu na inabeba mzigo, ila haiondoki kila siku, na mvua kubwa zikikata njia upande wa Kilosa husimama. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inatembea Dodoma mpaka Dar es Salaam kupitia Morogoro, kwa hiyo anaweza kushuka Dodoma na kubadili. Ni ya haraka na safi, lakini tiketi inahitaji kitambulisho na masharti ya mizigo ni makali. Dumu la mafuta liulizie kabla. Kwa mara ya kwanza mimi ningechagua basi la kufika mchana, hata kama ni kulala Dodoma kwa ndugu.

Akishuka Msamvu, ajue anakwenda kampasi ipi. Hapa ndipo watoto hupotea. SUA ina kampasi kuu ya Edward Moringe, chini ya milima ya Uluguru, kama kilomita 3 kutoka katikati ya mji; ndiko kwenye kilimo, misitu na mifugo. Ina pia kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu, upande mwingine wa mji, kwenye majengo waliyojenga wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini kuanzia 1978 na kuyakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Sayansi asilia, ualimu na sayansi za jamii zina makao huko. Barua ndiyo itakayosema aripoti wapi. Isomwe tena ndani ya basi. Na Mzumbe si SUA: ni chuo kikuu kingine, mwendo wa kilomita zaidi ya 20 nje ya mji, barabara ya Iringa. Bodaboda wa Msamvu akisikia "chuo kikuu" tu, anaweza kumpeleka popote.

Mji wenyewe atauzoea haraka. Watu huuita mji kasoro bahari. Mboga na matunda hushuka kila asubuhi kutoka Uluguru mpaka soko la Chifu Kingalu. Ni moto kuliko Kasulu, maana mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari na nyinyi mko juu ya mita 1,000. Chandarua si pambo. Jambo litakalomshangaza ni mvua: kwenu mvua ni moja ndefu, inaanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, Morogoro zipo vuli na masika, na katikati jua linapiga. Mazao aliyoyazoea atayakuta yanapandwa tarehe nyingine. Asione wamekosea.

Malazi. Chuo hakina vitanda vya kuwatosha wote, kwa hiyo aombe hosteli kwenye mfumo wa chuo mara tu unapofunguka na alipe ndani ya muda, kitanda kisicholipiwa hupewa mwingine. Mwaka wa kwanza akae ndani ya chuo kama inawezekana kwa namna yoyote. Usiku anatoka maktaba, maji yapo, na majirani wa chumba wanajua ratiba. Ataambiwa habari ya kubebana, yaani wawili kulala kitanda cha mmoja ili kugawana gharama. Ni kinyume cha taratibu, na anayekamatwa hupoteza kitanda chenyewe. Hita ya koili na jiko la umeme asipeleke. Hukatazwa, na zimeshaunguza vyumba vya wanafunzi mahali pengi.

Akikosa hosteli, vyumba vya kupanga viko Magadu na Mafiga, jirani na kampasi kuu. Asilipe chumba ambacho hajakiona kwa macho, wala asimtumie dalali pesa akiwa bado Kasulu. Afike, alale kwa mwenyeji siku mbili, aende na mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili. Afungue bomba. Ajaribu kitasa kutoka ndani. Aulize umeme unagawanywaje na nani mwingine ana ufunguo wa geti. Mkataba uandikwe, hata karatasi moja, yenye miezi aliyolipia na sahihi ya mwenye nyumba. Na atembee njia ya kwenda chuo saa mbili usiku, si saa nne asubuhi, ndipo ataijua.

Pesa ya kujikimu, wanaiita bumu, imekuwa Sh 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mkupuo, si kwa mwezi. Akipewa ya siku 60, ni Sh 600,000 mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kushika hata laki moja. Siku inapoingia atoe kwanza kodi ya chumba ya muda wote huo, atoe nakala na vitabu, kisha kinachobaki akigawe kwa idadi ya siku na akiandike. Tuseme kodi na mengineyo ni Sh 150,000: kinabaki 450,000, sawa na 7,500 kwa siku. Hiyo ndiyo pesa yake, si laki sita. Simu mpya ya laki tatu wiki ya kwanza maana yake ni siku 40 za njaa.

Kuhusu masomo nataka aelewe hesabu mbili. Ya kwanza ni ya saa. Kwa mfumo wa vyuo vikuu vyetu, uzito wa 1 wa kozi, wenyewe wanaita krediti, ni saa 10 za kazi, na mwaka una uzito wa 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 unapata saa 40 kwa wiki. Ratiba ya darasani itaonyesha pungufu ya hapo, na mwanafunzi atadhani zilizobaki ni za kupumzika. Hizo ndizo za maktaba, maabara na shamba. Wanaoanguka mwaka wa kwanza mara nyingi wana akili nzuri, ila walizihesabu zile saa kuwa zao.

Hesabu ya pili ni ya GPA, yaani wastani wa alama zake. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kila alama huzidishwa kwa uzito wa kozi. Tuseme ana kozi mbili tu, moja ya uzito 12, nyingine 6. Akipata B kwenye nzito na A kwenye nyepesi: 36 na 30, jumla 66, gawa kwa 18, ni 3.67. Akigeuza, A kwenye nzito na B kwenye nyepesi, ni 78 gawa kwa 18, yaani 4.33. Juhudi ni ile ile, ila aliiweka mahali pengine. Kwa hiyo mwanzo wa kila semista aandike kozi zake kwa uzito, kubwa juu, na ukutani ibandikwe hivyo. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5.

Kozi weki, yaani majaribio na kazi za semista, kwa kawaida hubeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Anayeingia kwenye mtihani na 12 kati ya 40 anahitaji 28 kati ya 60 ili tu afike 40 ya kufaulu. Mwenye 30 anaingia akiwa ametulia. Majaribio ya wiki ya nne na ya sita, ambayo yanaonekana madogo, ndiyo yanayoamua nani atapumzika likizo na nani atarudi kufanya supu, yaani mtihani wa marudio. Takwimu huwasumbua wengi wa CBG, kwa sababu hesabu si somo kuu la mchepuo wao. Aende semina za takwimu tangu wiki ya kwanza, hata asipoelewa kitu mara mbili za mwanzo. Bila takwimu, zile ploti 12 ni maharage tu.

La mwisho katika haya, ongea naye wewe kama mama. Mtu yeyote chuoni, awe mhadhiri au mtumishi, akimdai mwili kwa ajili ya alama, kitanda au nafasi ya fildi, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai. Asiende ofisini peke yake jioni, ahifadhi kila ujumbe, na aripoti dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba ya bure 113. Ajue kabla hajaondoka kwamba akikupigia usiku wa manane kwa jambo hilo, hutamuuliza alivaa nini.

Likizo ndefu atakwenda mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Aombe Kigoma: TARI Kihinga kama anapenda michikichi, au idara ya kilimo ya halmashauri ya Kasulu kama anapenda maharage na mihogo. Barua ipelekwe miezi mitatu kabla. Mwaka wa tatu kuna mradi maalumu, utafiti wake mwenyewe mdogo, na swali la utafiti linaweza kutoka kwenye shamba lenu.

Na hapo ndipo namrudia baba. Kabla binti hajapanda basi, baba achukue udongo wa shamba la maharage. Apite shamba zima kwa mwendo wa kupinda kushoto na kulia, asimame mahali 15 hadi 20, kila mahali afagie majani na achimbe sentimita 20. Asichukue kwenye kichuguu, palipochomwa moto, palipolundikwa samadi wala kando ya njia. Udongo wote uingie kwenye ndoo safi ya plastiki, si ya bati, kwa sababu bati hutia zinki kwenye sampuli. Auchanganye vizuri, aumwage kwenye turubai, augawe mafungu manne, atupe mawili ya mkabala, aendelee hivyo mpaka ubaki kama nusu kilo. Uanikwe kivulini siku tatu. Utiwe kwenye mfuko na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: kijiji, shamba, tarehe, kilichopandwa msimu uliopita, gunia ngapi zilitoka. Maabara ya udongo ya SUA hupima kwa malipo.

Kwenye nyanda za mvua nyingi kama zenu, udongo mara nyingi huwa na tindikali. pH, kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali inapozidi, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuumiza mizizi ya maharage, na fosforasi hushikwa na udongo hata ukiweka mbolea ya kununua. Mkulima anaongeza mfuko wa pili, na hapati kitu, wakati shamba lilikuwa linadai chokaa ya kilimo. Majibu yakitoka, binti ayasome kwa simu, baba akiwa amesimama kwenye shamba lile lile.